Wembe Uliochoka Bado Unakata: Jinsi ya Kubadilisha na Kutupa Nyembe za Ushonaji kwa Usalama

Mfuko wa taka ukishafungwa na kuwekwa kando ya barabara, mwenye nyumba husahau kilichomo. Lakini kuna mtu atakayeuinua mfuko huo, na kabla yake huenda mtoto akaupekua akitafuta kifuniko cha kuchezea, au mbuzi akaurarua akitafuta maganda. Mzoa taka hushika mfuko kwa kiganja, huuegemeza pajani, kisha huurusha juu ya gari. Ikiwa ndani yake kuna wembe, atakayekatwa ni yeye. Hakuutumia wembe huo, hakujua kuwa umo, na mara nyingi hawezi hata kusema umetoka nyumba gani.

Somo hili linawahusu mafundi cherehani, vikundi vya kina mama na vijana vinavyoshona mablanketi na mito ya viraka, wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na kila mkazi anayetumia kisu chenye wembe wa kubadilishwa. Litaeleza jinsi ya kujua kuwa wembe umechoka, jinsi ya kuubadilisha bila kujikata, na mahali pa kuuweka mpaka uondoke nyumbani bila kumdhuru mtu.

Kisu chenyewe ni kipi?

Mafundi wengi walijifunza kazi kwa makasi. Makasi ni mazuri, lakini ukitaka kukata vipande mia moja vya kitenge vyenye ukubwa sawa kwa ajili ya blanketi la viraka, mkono huchoka na vipande hupishana. Ndiyo maana washonaji wa viraka hutumia kisu cha gurudumu: mpini wa plastiki wenye wembe wa duara mbele yake, unaozunguka kama gurudumu la baiskeli unaposukumwa juu ya kitambaa. Chini ya kitambaa huwekwa mkeka maalumu wa kukatia, na juu yake rula nene ya plastiki.

Kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu cha aina hii mwaka 1979, kwanza kikiwa cha mafundi wa nguo, kisha washonaji wa viraka wakakipenda. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Yoshio Okada, ndiye aliyebuni mwaka 1956 kisu cha kuteleza ambacho wembe wake una mistari na huvunjwa ncha inapochoka. Wazo hilo alilipata kwa kutazama chokoleti inavyovunjwa vipande vipande. Kisu hicho cha kuvunja ncha tunakijua sote. Kiko katika maduka ya vitabu, kwa wabandikaji wa mabango na kwa mafundi wa mazulia. Yote tutakayosema kuhusu kutupa wembe wa duara yanahusu pia ncha hizo ndogo zinazovunjwa. Pengine zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ncha moja ni ndogo kama ukucha na hupotea upesi sakafuni.

Nyembe za duara huuzwa kwa kipimo cha upana wake. Ule wa milimita 45 ndio unaotumika zaidi. Wa milimita 28 hufaa kukata mikunjo na vipande vidogo, na wa milimita 60 hufaa kukata tabaka nyingi au kitambaa kinene kama jinzi. Kipimo huandikwa kwenye mpini au kwenye kifurushi. Kitazame kabla ya kununua, kwa sababu wembe wa 60 hauingii katika kisu cha 45, na kulazimisha ndiko kunakoleta ajali.

Utajuaje kuwa wembe umechoka?

Fundi anayetumia wembe butu huongeza nguvu ya mkono. Nguvu hiyo ndiyo hatari, kwa sababu rula huteleza, kisu huruka juu ya rula, na vidole vya mkono wa pili viko papo hapo. Wembe mkali unaohitaji msukumo mdogo ni salama kuliko wembe butu unaohitaji nguvu. Kwa hiyo kuchelewa kubadilisha wembe kwa kubana matumizi kunaweza kukugharimu kidole.

Dalili ni hizi. Inakubidi upitishe kisu mara mbili mahali palepale. Nyuzi chache hubaki zimeshikana ukiinua kitambaa. Ukingo wa kitambaa unatoka na manyoya. Mkono na bega vinauma baada ya kazi ndogo.

Lakini kabla ya kununua wembe mpya, chunguza kwanza, maana si kila kisu kisichokata kina wembe mbovu.

Ikiwa nyuzi hubaki kwa vipimo vilivyo sawa, kwa mfano kila baada ya sentimita 14 hivi, wembe wako wa milimita 45 una pengo. Sentimita 14 ndio mzunguko wake mmoja, na kila pengo linapofika chini linaruka nyuzi. Kwa wembe wa milimita 28, umbali huo ni karibu sentimita 9. Kwa wa milimita 60 ni karibu sentimita 19. Pengo hutokea kisu kinapopita juu ya pini au kinapogonga ukingo wa rula ya chuma. Wembe wenye pengo hauna dawa. Ubadilishe, na siku nyingine toa pini zote kabla ya kukata.

Ikiwa nyuzi hubaki mahali popote bila mpangilio, wembe umekuwa butu.

Ikiwa nyuzi hubaki mahali palepale pa mkeka kila siku, hata ukibadilisha kitambaa, kosa ni la mkeka. Umechimbika kwa kukatiwa mstari mmoja. Ugeuze au ukatie upande mwingine.

Ikiwa gurudumu halizunguki vizuri, legeza nati kidogo. Nati iliyokazwa mno huzuia wembe kuzunguka, ukawa unaburutwa na kuchakaa sehemu moja tu. Na ikiwa wembe unazunguka kwa shida hata nati ikiwa sawa, fungua utazame: vumbi la pamba na nyuzi hujikusanya kati ya wembe na kinga yake. Pangusa, tia tone moja dogo la mafuta ya cherehani, rudisha. Wembe mwingi ungetupwa mapema kumbe ulihitaji kupanguswa tu.

Kubadilisha wembe, hatua kwa hatua

Fanya kazi hii mezani penye mwanga, ukiwa umeketi, bila mtoto karibu na bila kuzungumza na simu. Usiifanye ukiwa umepakata kisu mapajani.

Hatua ya kwanza: andaa vitu vyako. Unahitaji wembe mpya ukiwa bado katika kifurushi chake, kitambaa kikavu, na mkebe wa kuwekea wembe mzee. Mkebe uwe mezani kabla hujafungua kisu. Asiyeuandaa mapema huuweka wembe mzee pembeni ya meza "kwa dakika moja", na dakika hiyo huishia kuwa mwezi.

Hatua ya pili: funga kinga ya kisu, ili ukali ufunikwe.

Hatua ya tatu: piga picha ya kisu kwa simu, pande zote mbili. Ukikwama wakati wa kurudisha vipande, picha itakukumbusha.

Hatua ya nne: fungua nati polepole na upange kila kipande mezani kwa mstari kwa utaratibu ulivyokitoa: nati, washa, wembe, kinga, bolti. Visu hutofautiana, lakini vingi vina vipande hivi. Washa mara nyingi ina mkunjo kidogo. Kumbuka upande ulioinuka ulikuwa unatazama wapi, kwa sababu ikigeuzwa wembe hulegea au hukaza kupita kiasi.

Hatua ya tano: toa wembe mzee. Usiubane kwa ncha za vidole kwenye ukingo. Ushike kwa kitambaa katika sehemu ya katikati penye tundu, au uuinue kwa sumaku, kwa kuwa nyembe nyingi ni za chuma cha pua kinachovutwa na sumaku au chuma cha kawaida. Ukitoka katika kisu, uende moja kwa moja ndani ya mkebe.

Hatua ya sita: pangusa kinga na mpini, toa nyuzi na vumbi lote.

Hatua ya saba: toa wembe mpya. Nyembe mpya hupakwa mafuta ili zisishike kutu, na mafuta hayo huzifanya zishikamane. Ukidhani umetoa mmoja, huenda ni miwili. Kisu chenye nyembe mbili hakikati vizuri na hulegea, kwa hiyo hesabu kabla ya kufunga.

Hatua ya nane: rudisha vipande kwa kufuata mstari wako kinyumenyume. Kaza nati mpaka wembe uzunguke bila kuyumba, kisha uache hapo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kisichohitajika. Mafuta ya wembe mpya yanaweza kuacha doa.

Baada ya hapo jenga mazoea ya kufunga kinga kila mara unapokiweka kisu chini, hata kama utakichukua tena baada ya muda mfupi. Kata kwa kusukuma mbele, mbali na mwili wako, na vidole vya mkono unaoshika rula viwe mbali na ukingo wake. Kisu chenye kinga iliyo wazi kikianguka, usijaribu kukidaka. Ondoa mguu na ukiache kianguke.

Wengine huuliza kama wembe mzee unaweza kunolewa. Viko vifaa vya kunolea nyembe za duara, na wako wanaokata karatasi ya fedha iliyokunjwa ili kuondoa makapi madogo kwenye ukingo. Njia hizo husaidia kwa siku chache tu, na haziponyi wembe wenye pengo. Matumizi bora ya wembe butu ni kuuweka ukate karatasi za ruwaza, ambazo huharibu wembe mzuri wa kitambaa. Ukifanya hivyo, uandike kwa kalamu ya wino mzito neno KARATASI katikati yake, usije ukauchanganya na mpya.

Mkebe wa nyembe

Methali yetu husema mtoto akililia wembe, mpe. Methali ina maana yake, lakini katika nyumba ya fundi mtoto halii wala haombi, huuokota tu. Mkebe wa nyembe ndio unaozuia hilo, nao hauna gharama.

Tafuta mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, kama ule wa kakao au wa maziwa ya unga, au chupa ngumu ya plastiki ya dawa za vidonge. Usitumie chupa laini ya maji, kwa kuwa hukandamizika na wembe hutoboa. Usitumie boksi la karatasi, likilowa limekwisha. Usitumie glasi, maana ikivunjika umeongeza hatari badala ya kuipunguza.

Toboa kifuniko kwa kupasua mstari mwembamba unaotosha wembe kupita ukiwa umesimama, lakini usiotosha kidole cha mtoto. Kisha funga kifuniko na uzungushie selotepu nene mara kadhaa, ili usifunguke tena. Kuanzia hapo nyembe huingia wala hazitoki.

Andika pande mbili za mkebe kwa herufi kubwa: HATARI – NYEMBE. Chora pia alama kubwa nyekundu ya X, kwa sababu si kila atakayeushika atakuwa na muda au uwezo wa kusoma. Uweke mahali pa juu, karibu na unapofanyia kazi. Mkebe ulio chumba cha pili hautatumika.

Ndani ya mkebe huo tia pia sindano za cherehani zilizovunjika au kupinda, pini zilizokunjika, ncha za kisu cha kuvunja, na nyembe za kawaida unazotumia kufumulia nyuzi. Kwa fundi mmoja, mkebe wa kakao unaweza kuchukua muda mrefu sana kujaa. Kwa kikundi, mkebe mmoja mezani unatosha, na mtu mmoja apewe jukumu la kuuangalia.

Mkebe ukijaa

Usingoje ujae pomoni. Ukifika robo tatu, ziba tundu la kifuniko kwa selotepu, kisha uzungushie mkebe mzima mara nyingi. Utikise, na kama kuna kitu kinachochomoza, utie ndani ya mkebe mwingine mkubwa.

Kisha chagua moja kati ya njia hizi.

Ya kwanza ni kumkabidhi mzoa taka wako mkononi. Usiutie ndani ya mfuko pamoja na taka nyingine. Mwambie kwa mdomo, "Hizi ni nyembe." Maneno hayo mawili au matatu ndiyo tofauti kati ya mtu anayeshika kitu akijua na mtu anayekatwa bila kujua.

Ya pili ni mfanyabiashara wa vyuma kuukuu mwenye leseni. Wembe ni chuma, na chuma huyeyushwa kikatumika tena. Biashara hiyo inasimamiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, inayotaka wafanyabiashara wawe na leseni. Muulize kwanza kama anapokea nyembe zikiwa zimefungwa ndani ya mkebe wa bati. Usimwagie nyembe ndani ya gunia la mtoto anayeokota vyuma mtaani.

Ya tatu ni kumuuliza afisa wa afya ya umma katika wadi yako au ofisi ya mazingira ya kaunti mahali panapofaa kupeleka. Vikundi na vyuo vyenye mikebe mingi ni vyema vitumie njia hii.

Usiende tu ukatumbukiza nyembe zako katika kile kisanduku cha manjano cha sindano kilicho zahanati. Kisanduku hicho ni cha taka za matibabu, na kina utaratibu wake wa kuteketezwa. Uliza mhudumu kwanza.

Mahali pasipofaa kamwe

Choo cha shimo. Wengi hutupa nyembe chooni wakiamini kuwa hapo hapana mtu atakayefika. Choo kikijaa hunyonywa au huchotwa, na wapo watu wanaofanya kazi hiyo kwa mikono na koleo. Jeraha la wembe ndani ya uchafu wa choo ni baya kuliko la mahali pengine popote.

Moto. Ukichoma taka, karatasi iliyofunga wembe huungua, wembe hubaki. Moto wa takataka hauyeyushi chuma. Majivu yale hupelekwa shambani, na wembe huenda nayo ukiwa umepoteza kifuniko chake.

Shamba. Wembe uliofukiwa leo hufukuliwa na jembe msimu ujao, na aliye nyuma ya jembe huenda yuko peku. Mifugo pia iko hatarini. Ng'ombe hameng'enyi kwa uangalifu. Hukusanya majani kwa ulimi na kumeza. Kipande cha chuma chenye ncha hutua katika tumbo lake la pili, lililo karibu na moyo, nacho kinaweza kutoboa ukuta wa tumbo na hata kufika kwenye moyo. Ng'ombe huacha kula, maziwa hupungua ghafla, husimama amekunja mgongo. Mfugaji hudhani ni homa, kumbe ni kipande cha chuma kilichotupwa malishoni. Daktari wa mifugo ana njia za kusaidia, ikiwamo sumaku inayomezeshwa ng'ombe, lakini kuzuia ni rahisi zaidi.

Mtaro. Mvua huusukuma wembe hadi kwenye mto au kwenye karavati wanakochezea watoto.

Wembe uliogusa damu

Wembe uliomkata mtu ni tofauti na wembe wa kitambaa tu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika tone la damu lililokauka. Kwa hiyo usiufute na kuendelea kuutumia, wala usimpe mwenzako, wala usiuchanganye na zile za kupeleka kwa mnunuzi wa vyuma. Uufunge peke yake katika chombo kigumu, uandike DAMU, na umuulize afisa wa afya ya umma jinsi ya kuuondoa.

Hili linawahusu zaidi vinyozi na wasusi. Wembe wa kunyolea ni wa mtu mmoja, mara moja. Ukimaliza, ingia katika mkebe wake maalumu mbele ya macho ya mteja. Mteja ana haki ya kuona kifurushi kipya kikifunguliwa.

Mzoa taka au mtu yeyote akikatwa na wembe wenye damu ya mtu mwingine asikae nyumbani kusubiri. Aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kukinga Virusi vya Ukimwi baada ya ajali kama hiyo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi.

Ukijikata

Kaa chini. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, mfululizo kwa dakika 10, huku mkono umeinuliwa juu ya kiwango cha moyo. Usifungue kila dakika kutazama. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, kausha, ufunge kwa bendeji.

Usitie mchanga, majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vitu hivyo havizuii damu, vinaingiza vijidudu.

Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa damu haikomi baada ya kubonyeza, ikiwa jeraha limepanuka au ni la kina, ikiwa kidole kimekufa ganzi, au ikiwa huwezi kukikunja au kukinyoosha. Dalili hizo mbili za mwisho zinaweza kumaanisha mshipa wa fahamu au kano imekatwa, na kuchelewa kunaweza kumfanya fundi apoteze kazi yake. Ncha ya kidole ikikatika kabisa, ifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, itie ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu na uende nayo hospitali. Isiguse barafu moja kwa moja.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na dalili kama kukaza kwa taya zinaweza kuanza siku chache au wiki kadhaa baada ya jeraha, hata kama jeraha lilikuwa dogo na limepona. Kina mama wengi walipata chanjo hii kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawakumbuki mara ya mwisho. Mwambie mhudumu ukweli kama hukumbuki.

Ni wajibu wa nani?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kwa afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaipa serikali ya kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka. Gari la taka likishabeba mfuko ambao kila kitu kimechanganywa, hakuna anayeweza kuutenganisha bila kuhatarisha mikono yake. Kwa hiyo kazi ya kaunti haiwezi kufanikiwa bila kazi ya mkazi mlangoni pake.

Mwenye karakana aliyeajiri wengine ana wajibu wa ziada. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi mahali salama pa kazi na mafunzo ya kuwakinga na hatari. Kisanduku cha huduma ya kwanza ukutani na mkebe wa nyembe mezani ni mwanzo mzuri. Mwanafunzi anayejifunza kushona afundishwe kubadilisha wembe kabla hajafundishwa kukata haraka.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kisu cha milimita 45 kinaruka nyuzi kila sentimita 14. Tatizo ni nini, na lilitokana na nini?
2. Kisu kinakata vibaya, lakini wembe ni wa juzi. Taja mambo matatu ya kuchunguza kabla ya kuutupa.
3. Jirani yako hutupa nyembe chooni kwa kuwa "hakuna atakayezifikia". Utamwambia nini?
4. Katika karakana yenu, nani anaangalia mkebe wa nyembe, na ukifika robo tatu unapelekwa wapi?

Kikundi kisichoweza kujibu swali la nne hakijamaliza somo. Mtafute mkebe mkutano huohuo, uandikwe, na mtu mmoja atajwe kwa jina. Kisha mzoa taka wenu akipita, mwonyesheni mkebe huo na mmweleze maana ya alama yake nyekundu, ili siku atakapokabidhiwa ajue anachobeba.